Sura ya Saba: Spika ni ya Nyumba, Simu ni ya Mtu

Saluni nyingi za Bukoto, mtaa wa Kampala, zina mfanyakazi mmoja asiye na zamu ya kupumzika: simu ya mwenye duka. Ndiyo inayopokea malipo, ndiyo inayowajibu wateja wanaouliza kama kuna nafasi, na juu ya hayo ndiyo inayopiga muziki kwenye sabufa iliyowekwa juu ya kabati la dawa za nywele. Mwenye duka akivuka barabara kwenda kwa kijana wa chapati za rolex, wimbo unaanza kukatikakatika, kisha kimya, na wateja wanabaki kutazamana ndani ya vioo. Akipigiwa na mama yake kutoka Masaka, wimbo unazimika na mlio wa simu unatoka kwenye spika kwa nguvu za harusini. Pesa ikiingia, ujumbe unalia mbele ya kila mtu, na aliyekaa chini ya draya anajua kwamba fulani amelipa, ingawa hajui kiasi.

Watu huilaumu sabufa. Wanasema ni ya bei rahisi, Bluetooth yake mbovu. Mara nyingi sabufa haina kosa lolote. Kosa ni la mpangilio: sauti ya mahali imefungiwa ndani ya mfuko wa mtu mmoja, na mtu huyo ana miguu. Sura hii inahusu kuitoa humo. Sitakuambia utupe simu. Nitakuonyesha namna ya kuifanya spika ikae nyumbani au dukani kama jiko linavyokaa, iwashwe na yeyote aliyepo: jajja, yaani bibi au babu, asiyependa kugusa kioo, mtoto ambaye hujataka kumpa simu bado, au dada wa kazi unayemwachia nyumba mchana kutwa.

Kampala si mgeni wa jambo hili. Mitaa yake ina bizindaalo, vile vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mlingoti, waya ukishuka hadi kwenye kibanda ambamo mtu mmoja ana maikrofoni na amplifaya. Humo hutangazwa mtoto aliyepotea, kitambulisho kilichookotwa, msiba, na duka lililofunguliwa jana. Wenye mamlaka hawavipendi kwa sababu ya kelele, na mtu anayelala mchana baada ya kazi ya usiku havipendi pia, lakini mtoto akipotea kila mtu hukimbilia hapo. Chini yake barabarani anapita mchuuzi wa dawa ya panya na kunguni, na kipaza sauti chake cha mkononi kinarudia tangazo lilelile kutoka asubuhi hadi jioni kwa memori kadi. Simu yake iko mfukoni ikifanya kazi nyingine. Mchuuzi huyu ameshatatua tatizo la saluni, na hakuna aliyemfundisha.

Sasa tuingie ndani ya kifaa kidogo, maana ukijua kinavyofanya kazi hutahitaji kukariri hatua.

Bluetooth ilianza mwaka 1994 mjini Lund, Sweden, katika kampuni ya Ericsson, ambako mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alikuwa akitafuta njia ya kuondoa waya kati ya vifaa vilivyo karibukaribu. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba wakaunda umoja wa kuisimamia. Tazama majina hayo: wawili walikuwa wauza simu, watatu waliobaki ni watu wa kompyuta. Hakuna mahali katika kanuni zao palipoandikwa kwamba simu ndiyo bwana wa spika. Kwenye muziki kanuni hizo zinatambua pande mbili tu, chanzo kinachotuma sauti na kipokezi kinachoipokea. Televisheni inaweza kuwa chanzo. Kompyuta pia, na hata kidude cha ukubwa wa kibiriti kilichochomekwa kwenye tundu la hedifoni la redio ya zamani. Vyote vina haki ileile. Simu imeshinda kwa sababu iko mkononi muda wote na ina kioo cha kubonyeza.

Mawimbi yenyewe yako kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi na yanayovuja kidogo kutoka kwenye maikrowevu. Ili kuepuka msongamano, chanzo na kipokezi huruka pamoja kutoka chaneli hadi chaneli, mara 1,600 kwa sekunde, kati ya chaneli 79. Wazo la kurukaruka ni la zamani kuliko spika zetu: mwaka 1942 mwigizaji wa Hollywood Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza Marekani ya kuongoza torpedo kwa redio inayobadilisha masafa, na walipanga masafa 88, sawa na vibonyezo vya piano. Jeshi la wanamaji halikulijali wakati ule. Leo saluni ya Bukoto inaishi juu ya wazo la namna hiyo. Vifaa vingi vya kawaida hufika kama mita 10, na ukuta wa matofali au mwili wa mtu, ambao sehemu kubwa ni maji, hupunguza umbali huo. Ndiyo maana muziki hukatika mwenye simu anapogeuka tu na kuiweka simu mfuko wa nyuma.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni tofauti kati ya kuoanisha na kuunganisha. Kuoanisha hufanyika mara moja: pande mbili zinatambuana, zinatengeneza ufunguo, na kila upande unauhifadhi. Kuunganisha hufanyika kila siku, kwa kutumia ufunguo uliokwisha kuwepo. Zamani kuoanisha kulidai namba, nayo mara nyingi ilikuwa 0000 au 1234. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2007, kifaa kisicho na kioo wala vitufe vya namba kinaruhusiwa kukubali bila kuuliza, na spika yako ni kifaa cha aina hiyo. Inamfungulia anayebisha. Halafu inamkumbuka. Spika nyingi huweka orodha ya vifaa kadhaa, ikijaa humtupa wa zamani zaidi, na zikiwashwa humtafuta kwanza yule wa mwisho.

Hapo ndipo penye kazi yote. Kama wa mwisho kuzungumza na spika ni simu ya mtu, spika itamsubiri mtu huyo. Kama wa mwisho ni kifaa kisichotoka nyumbani, spika itaamka na kukuta mwenzake yupo.

Bukoto ina nyumba za ukuta mrefu na walinzi langoni, ina maghorofa, na nyuma ya hayo yote kuna mizigo, vyumba vya kupanga vilivyofuatana mstari mmoja chini ya bati moja. Kwenye mizigo, mita 10 zinaweza kuwa kaya tatu. Umeme ukikatika, sabufa zote za mstari hunyamaza pamoja. Ukirudi, zote huamka pamoja, kila moja ikitangaza kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kichina kwamba iko tayari kuunganishwa. Hapo hushinda mwenye mbio. Kijana wa mlango wa pili, aliyepiga wimbo mmoja kwako siku ya sherehe ya mtoto, bado yumo kwenye orodha, na simu yake inaweza kuunganishwa kabla hujapata rimoti. Tena nyingi ya sabufa hizi hujitambulisha kwa jina lilelile la kiwandani, kwa hiyo hata jirani mwenye nia njema akigusa jina analolijua anaweza kuangukia kwako. Wewe unasikiliza habari za saa moja, mara injili inaingia. Au kinyume chake, ambayo ni mbaya zaidi kama mgeni wako ni mchungaji.

Dawa ya kwanza haihitaji simu: kitufe kilichoandikwa MODE au INPUT, kwenye sabufa au kwenye rimoti. Sabufa nyingi za bei ya kawaida husikiliza mlango mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiiweka kwenye flashi, FM au AUX, kwa kawaida Bluetooth inafungwa na jirani hana pa kuingilia. Dawa ya pili ni kuufuta ukoo mzima uliohifadhiwa ndani. Shikilia kitufe cha Bluetooth kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kupepesa haraka au sauti ibadilike. Kwenye modeli nyingi za JBL za kubebeka unashikilia kwa pamoja kitufe cha kuongeza sauti na kile cha kucheza hadi spika ijizime. Dawa ya tatu ni kukalia kiti. Spika nyingi za bei nafuu hukubali mgeni mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo chanzo cha nyumbani kikishaunganishwa, wengine wanagonga mwamba.

Chanzo cha nyumbani kiwe kipi basi?

Naanza na flashi, na wenye spika za gharama wanaoidharau wanivumilie. Kampala ina maduka madogo ya kujazia nyimbo na filamu, mtu mmoja na kompyuta moja, ambako unampa kijana flashi yako na kumwambia unataka nini: kadongo kamu za zamani, lingala, injili, za harusi. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba nyimbo zaidi ya 6,000 za megabaiti 5 kila moja. Hakuna bando linaloliwa, na tangu Julai 2021 kila bando la Uganda lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake. Intaneti ilipofungwa nchi nzima Januari 2021, wakati wa uchaguzi wa tarehe 14, waliokuwa na nyimbo mtandaoni walibaki na kioo kitupu, na waliokuwa na flashi waliendelea kucheza.

Flashi ina masharti yake, na asiyeyajua huishia kusema sabufa imeharibika. Nyingi ya sabufa zinasoma mpangilio wa FAT32 tu. Flashi au kadi iliyozidi gigabaiti 32 kwa kawaida hutoka dukani ikiwa na mpangilio mwingine, exFAT, na sabufa hukaa kimya kana kwamba hujachomeka kitu. Faili ziwe MP3, maana mafaili yanayotoka kwenye programu za muziki za simu mara nyingi yana umbo jingine au yamefungwa kwa ufunguo. Halafu kuna suala la mfuatano linalowachosha wapangaji wa sherehe: vichezeo hivi rahisi mara nyingi havifuati alfabeti wala namba ulizoandika mbele ya jina la wimbo. Vinafuata mpangilio ambao nyimbo ziliandikwa kwenye flashi. Ukitaka wimbo wa bibi harusi kuingia utangulie ule wa kukata keki, futa vyote, kisha nakili wimbo mmoja baada ya mwingine kwa mfuatano unaoutaka. Kazi ya nusu saa, na huna haja ya didjei kwa ajili yake.

FM nayo ipo kwenye karibu kila sabufa na watu wanaisahau. Jajja anayetaka CBS ya Buganda kwenye 88.8 hahitaji kitu zaidi ya kitufe cha MODE na kipande cha waya wa antena kilichonyooshwa dirishani. Mhifadhie stesheni tatu kwenye namba 1, 2 na 3 za rimoti, zibandike alama za rangi ya kucha, na umemaliza.

Televisheni ndiyo inayoleta maswali mengi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Televisheni ya kisasa yenye Bluetooth ni rahisi: ingia kwenye mipangilio ya sauti kwa rimoti, chagua kifaa cha kutolea sauti, chagua spika, basi. Televisheni isiyo na Bluetooth, na redio ya zamani yenye tundu la hedifoni, zinahitaji kitumaji, kile kidude cha ukubwa wa kibiriti. Ukinunua, hakikisha kina swichi ya TX na RX, kisha ukiweke kwenye TX, yaani kutuma. Vingine vinapokea tu, na muuzaji mwenye haraka hatakuambia. Kitumaji hakina kioo, spika haina kioo, vitajuanaje? Kwa ukaribu na ukimya. Zima spika nyingine zote za nyumba, na ikiwezekana fanya saa ambayo majirani wako kazini. Weka viwili hivyo upande kwa upande, vyote katika hali ya kutafuta, na uviache. Taa zikiacha kupepesa vimeoana. Kuanzia siku hiyo chomeka kitumaji kwenye tundu la USB la televisheni, ili kipate umeme pale tu televisheni inapowaka. Mtoto wa miaka sita anawasha televisheni, sauti inatoka kwenye sabufa, hakuna aliyeulizwa kitu.

Utasikia malalamiko ya kuchelewa. Sauti ya Bluetooth ya kawaida huchelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mdomo unafunga kabla neno halijafika. Kwa mpira si neno. Kwa filamu zilizotafsiriwa na maVJ wetu, ambazo sauti ya Kiganda haijawahi kulingana na mdomo wa Mmarekani yeyote, hutaona tofauti. Kwa filamu nyingine, waya. Waya wa AUX hauchelewi, hauoanishwi, hauingiliwi na jirani, na unauzwa kwa bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja. Kama spika na televisheni viko meza moja sioni kwa nini uhangaike na mawimbi.

Wenye kompyuta wana njia pana zaidi. Laptopu iliyochakaa, kioo kimepasuka, betri imekufa, bado ni chanzo bora cha muziki wa duka kama inawaka ikiwa kwenye umeme. Ioanishe na spika mara moja, ijaze nyimbo, iweke chini ya kaunta. Kwa wanaopenda ufundi kuna Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kitambulisho iliyotoka Uingereza Februari 2012. Hiyo haihitaji kioo kabisa baada ya siku ya kwanza. Kwenye Linux unafungua bluetoothctl na kuandika amri chache: “scan on” itafute, kisha “pair”, “trust” na “connect”, kila moja ikifuatwa na anwani ya spika. Inayosahaulika ni “trust”. Bila hiyo, spika ikiamka baada ya umeme kukatika na kuita, kompyuta inaweza kuikataa kwa kukosa mtu wa kuithibitishia, na utadhani kuoanisha kumefutika. Ukishaiandika, spika ikiita inapokelewa bila kuuliza mtu.

Ukiwa na spika mbili za modeli moja, zinaweza kufungwa pamoja bila simu, alama yake kwenye boksi huwa TWS. Ziwashe zote, bonyeza mara mbili kitufe cha Bluetooth kwenye ile unayotaka iwe kiongozi, subiri zilie pamoja. Chanzo huunganishwa na kiongozi tu. Kiongozi akizimwa, ndoa inavunjika.

Kuna aina moja ya spika ambayo sura hii haiwezi kuisaidia sana, nayo ni ile ya Wi-Fi inayotegemea programu ya simu. Spika za Amazon Echo na Google Nest hazianzi kazi mpaka uzisajili kwa programu, ingawa baadaye unaweza kuziamrisha kwa mdomo. Mei 2024 kampuni ya Marekani ya Sonos ilibadilisha programu yake yote kwa siku moja. Wenye spika za maelfu ya dola walijikuta hawawezi kuweka kengele ya asubuhi wala kufikia nyimbo zilizo kwenye kompyuta zao wenyewe, na spika hazikuwa zimeharibika hata moja. Mkurugenzi wake, Patrick Spence, aliomba radhi, na Januari 2025 akaondoka. Sabufa ya barabara ya Kisaasi, Kampala, iliyonunuliwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, haikuwa na programu ya kuharibikiwa.

Neno kuhusu kiasi cha sauti, kwa sababu spika isiyotegemea simu ina hatari yake. Simu ikiondoka muziki hunyamaza, flashi haiondoki. Umeme ukirudi saa nane usiku na sabufa haikuzimwa, inaweza kuanza kucheza yenyewe kwa sauti iliyowekwa kiwandani, mstari mzima ukaamka. Kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003, zilizosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, ziliweka ukomo wa desibeli 50 mchana na 35 usiku katika makazi ya watu, na 35 ni karibu na mnong’ono. Zima kwenye swichi ya ukutani kabla ya kulala. Rimoti haitoshi.

Na ukienda kununua, sabufa iwe ya bei yoyote, muuzaji atatoa simu yake haraka na kukupigia wimbo unaotingisha duka. Mwambie airudishe mfukoni. Mpe flashi yako, muulize kitufe cha MODE kiko wapi, mwambie aizime ukutani na kuiwasha tena, uone inarudi kwenye mlango gani na kwa sauti kiasi gani. Akishindwa kuipigisha bila simu, nenda duka la pili.